Siku Baba Alipotema Hasira

Wazazi wa wanafunzi wangu wananiuliza hadi leo: mtoto akisoma lugha na tamaduni chuo kikuu, atatoka na nini? Mimi huwaudhi kwa kuwaanzia na habari za ng'ombe.

Miaka ya sabini baba yangu alikuwa karani wa reli pale Voi. Alitaka binti yake awe wakili. Nilipofika Nairobi nikaiacha sheria, nikaingia lugha, na likizo ya kwanza nilipomwambia hivyo, hakunifokea. Alininyamazia. Kutwa nzima ananipita sebuleni kana kwamba mimi ni kiti. Kurudi chuoni bila baraka zake nisingethubutu, na kuomba msamaha sikutaka. Kiburi nimekirithi kwake, basi nami nikamnyamazia.

Ndipo Nyanya, mama yake baba, akatuita kwake Werugha, kule mlimani kwetu. Ng'ombe wake alikuwa amekatika maziwa ghafla, na badala ya kumwita daktari wa mifugo akatuita sisi wawili. Kwetu Wadawida, hasira ikifichwa moyoni mwa mzazi hutoka ikaumiza watoto na mifugo. Dawa yake ni kutasa: mwenye hasira hupiga funda la kinywaji, akalitema kwa manyunyu, huku akiyasema yaliyomkaa na kuwaombea wenzake heri. Baadaye Nyanya aliapa kwamba maziwa yalirudi. Hayo nawaachia nyinyi.

Kutasa nilikujua kwa kusikia tu. Nyumbani Voi tuliongea Kiswahili, na baba, mzee wa kanisa, aliyaita mambo hayo ya giza.

Asubuhi ile ukungu ulikuwa umefika mlangoni. Nyanya alimpa baba kata. Baba akachungulia ndani.

"Mama, unajua mimi pombe sinywi."

"Ni maji hayo. Hata kanisani kwenu maji si yapo? Haya, sema. Huyu mtoto umemwekea nini moyoni?"

Nilidhani atakataa. Alivua kofia, akapiga funda, akatema. Kisha akaanza kusema kwa Kidawida, lugha ambayo nilizoea kumsikia akiitumia kwa salamu tu. Alisema polepole, kwa mwendo wake, na kila akitua Nyanya anaitikia. Darasani nilikuwa nimefundishwa jinsi watu wa mbali wanavyopatana kwa maneno, nikaandika na kupata alama nzuri, na sikuwahi kujiuliza sisi twafanyaje. Sasa mtu niliyemjua kwa sare ya reli na miluzi ya treni alikuwa akiifanya kazi hiyo mbele yangu, wala hakuna mahali alipokosea.

Nilishika machache. Kwamba alihangaika kututoa mlimani, akatutafutia shule, na mimi nimekwenda mbali kote huko kujifunza aliyoyaacha hapa mlangoni. Kwamba aliogopa nitachekwa. Aliogopa! Maisha yangu yote sikuwa nimejua kwamba baba yangu anaogopa kitu. Halafu sauti yake ikashuka, akaingia kwenye kuomba, na hapo nikapotea kabisa. Nilisikia jina langu likirudi na kurudi. Manyunyu ya mwisho yaliniangukia mikononi, ya baridi, nami sikuyapangusa. Nyanya alikuwa akilia.

Baba akanigeukia. "Umesikia nilivyokuombea?" aliniuliza kwa Kiswahili. Tangu nilipomwambia nimeiacha sheria, hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu.

Ningeweza kuitikia tu, yaishe.

"Nimesikia, baba. Lakini sikuelewa yote."

"Hata yale ya mwisho?"

"Hasa yale ya mwisho."

Alimtazama mama yake. Akaweka kata chini, akavaa kofia.

"Basi rudi ukasome hizo lugha zako," akasema.