Tusi Alilolitafsiri Benjamini

Msomi mnayemwona kwenye majalada ya vitabu kwa jina la Benjamini Jilala ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, na Kiswahili chake cha kwanza alikipata kwangu. Wenye vyeti watabisha. Wabishe. Mimi niliishia darasa la sita, lakini nilikuwa nimeshachimba dhahabu Geita na kurudi na maneno ambayo mwalimu wao hakuwahi kuyasikia. Benjamini akichunga ng'ombe huko karibu na Mhunze, nilikuwa namchokoza kwa Kiswahili naye sharti anijibu kwa Kiswahili. Akishindwa, jioni anakula ugali mkavu. Mshairi hupatikana hivyo. Chuo kilikuja baadaye kupaka rangi.

Akasoma, akawa mwalimu wa fasihi, akajenga Kambarage pale Shinyanga mjini. Alitunga mashairi yake, lakini kazi iliyompa jina ni kutafsiri nyimbo za ngoma za Kisukuma, zile za mashindano baada ya mavuno. Kwa asiyejua, ngoma zetu zina pande mbili, Bagalu na Bagika. Kila upande una manju, na kazi ya manju ni kumwimba vibaya mwenzake mpaka umati ucheke na kumhama. Ukiimbwa, unajibu. Asiyejibu amekwisha.

Marehemu shemeji yangu Jilala, baba yake Benjamini, alikuwa manju wa Bagalu. Hasimu wake alikuwa Kalisti wa Bagika. Katika kitabu chake, Benjamini akaweka wimbo huu wa baba yake:

Kalisti kanunua baiskeli, kuipanda hajui,
kaikokota hadi mnadani, kaikokota kurudi;
maksai njiani wakamwamkia:
mwadila, mwenzetu wa kukokota.

Wimbo mtamu. Kosa ni kwamba aliuweka peke yake. Jibu la Kalisti halikuwemo, kwa sababu Benjamini aliwauliza wazee wa upande wake tu, na mzee gani wa Bagalu atakukumbusha wimbo uliowashinda Bagalu? Kwetu haikudhuru kitu, maana wapo waliojua Kalisti alijibu. Ila Kalisti alishahamia Nkome, ziwani, kwa binti yake Vumilia anayeanika dagaa. Kitabu kikafika shule ya pale. Watoto wakawa wanamfuata mzee wa watu nyuma nyuma: mwadila, mwenzetu wa kukokota.

Mwaka huohuo Benjamini akafiwa na mkewe, Agnetha. Aliugua kidogo tu, akaondoka. Benjamini hakulia. Sisemi alijikaza; wanaojikaza nawajua, huwatoka mishipa ya shingo. Yeye alipanga viti, akawaonyesha wageni pa kunawia, akamshukuru padri kwa mahubiri. Matanga yakaisha, nikangoja, wapi. Akafundisha, akasahihisha mitihani, akatafsiri. Mashairi yake mwenyewe hayakuja tena. Nikimwambia suruali yake imekuwa gunia la pamba, anasema, "Kweli, mjomba," na kuendelea na kazi. Mtu niliyemfundisha mimi mwenyewe kujibu.

Kwa hiyo Kalisti alipotuma salamu kwamba anataka jibu lake liingie kitabuni, nilifurahi kuliko wote. Nilisema moyoni, huyu pole za watu zimeshindwa kumwamsha, huenda tusi likamwamsha. Hakuna aliyenialika Nkome. Nilitangulia kukaa kwenye gari.

Tulimkuta Kalisti kwenye kigoda nyuma ya vichanja vya dagaa, mwembamba, macho yana ukungu. Benjamini akainama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe ndiye mtoto wa Jilala? Baba yako alikuwa mbaya wa sura kuliko wewe."

"Ndiyo, baba."

Kalisti akanigeukia. "Huyu mbona hajibu?"

"Tangu mwaka jana," nikasema.

Akaeleza shida yake. Siku ile ya baiskeli alijibu, na umati ukavuka ukamjia yeye. Lakini maneno yalikwenda na vumbi la uwanjani, hayakumbuki. Atatunga mengine. "Na marehemu haimbwi," akasema. "Anaimbwa mrithi. Utavumilia?"

"Nitavumilia."

"Basi niambie habari zako nipate pa kushika. Mkeo hajambo?"

"Amefariki."

Vumilia akaacha kugeuza dagaa. "Baba, muache."

"Namuuliza. Unalala?"

"Nalala."

"Unakula?"

"Nakula."

"Nyumbani nani anakusumbua?"

Benjamini akafikiri kama vile ameulizwa swali la mtihani. "Mbwa tu. Anabweka."

"Anambwekea nani?"

"Sijui. Mimi nipo ndani."

Tukanywa chai, tukala michembe ya viazi vitamu, na mimi nikawasimulia Wazinza wa pale jinsi nilivyowahi kuokoa wachimbaji kwenye shimo. Hawakuamini, nami sikuwalaumu. Jua lilipopoa Kalisti akaomba mkongojo, akasimama, akaimba kwa Kisukuma. Sauti ilikuwa imekwisha lakini mdundo ulikuwepo. Wanawake wa dagaa wakasogea. Wengi wao si Wasukuma, wakataka kujua mzee anasema nini.

"Waambie," Kalisti akamwamuru Benjamini. "Si ndiyo kazi yako?"

Nikamnong'oneza mpwa wangu: "Lainisha. Nani atajua?"

"Yeye atajua," akasema. Akasimama mbele ya wale akina mama, mikono nyuma, akatafsiri papo hapo:

Mtoto wa Jilala ni mpagazi wa maneno,
kabeba ya watu, ya kwake kayaacha njiani.
Kazikwa mke, kahama mume:
mbwa anabweka kumtafuta,
naye kakaa palepale kitini.

Neno la Kisukuma aliloimba mzee nililisikia, na Kiswahili nilikisikia. Hakupunguza hata punje. Pengine aliongeza, maana pale kwenye mbwa wanawake waliangua kicheko mpaka mmoja akakalia ndoo yake. Kisha wakakumbuka nani anayesemwa, wakaziba midomo kwa khanga.

Kalisti akamnyooshea mkongojo. "Sasa jibu."

Sote tukamtazama. Nikaona anachelewa, nikajitosa: "Kalisti mzee wa dagaa, hata paka wa Nkome..."

"Sikukuimba wewe," akanikata. "Kaa."

Nikakaa.

Benjamini akasema, "Umesema kweli, baba."

Nimehudhuria ngoma nyingi, nyingine nilikuwa nyota wake. Nimeona manju akilia, nimeona manju akikimbia na jembe nyuma yake. Sijapata kuona mtu anaimbwa halafu anakubali. Wanawake wakarudi kwenye vichanja. Kalisti alibaki amesimama, mkongojo hewani, hajui auweke wapi.

"Hilo si jibu," akasema.

"Ndilo nililo nalo."

"Baba yako angenivua nguo."

"Najua. Nimezitafsiri nyimbo zake."

Mzee akaketi. Akamwambia Vumilia atufungie dagaa wa njiani, na hakutaka tena mazungumzo ya ngoma. Tulipoaga alimshika Benjamini mkono, akaubinya, akautazama, kama mtu anayepima kama kuni zimekauka.

Kitabu kimechapwa upya, nyimbo zote mbili zimo, kurasa zinatazamana. Vumilia anasema watoto wa Nkome wameiacha baiskeli, sasa wanaimba mbwa, na baba yake anatembea mchana kweupe. Kwa hiyo Kalisti amepata chake.

Juzi nilikwenda Kambarage. Benjamini alikuwa anasahihisha mitihani. Nikachukua kitabu, nikamsomea wimbo wake kwa sauti, kwa ukorofi wangu wote, nikipiga meza kwenye mdundo. Alisubiri nimalize. Nikamuuliza, "Mpwa, tusi hilo haliumi?"

Akaweka kalamu chini. Alilifikiria swali kwa haki.

"Ilitakiwa liume," akasema. "Limetungwa vizuri sana."

Akachukua karatasi nyingine.