Nepi za kitambaa zilituokoa, mpaka kisima kikaingia ndani ya uzio

Wakuu, habari za huko mliko. Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu, leo nimeamua kuandika. Nipo Palma, kaskazini kabisa mwa Msumbiji, naendesha pikipiki ya abiria. Haya yamenikuta nyumbani kwangu na sijaongeza chumvi. Chumvi yenyewe mtaikuta huko mbele, inatosha.

Gesi ilipogunduliwa baharini kwetu, mji ulijaa wageni. Chumba nilichopanga kikaanza kutakiwa na watu wenye pesa kuliko mimi. Mwenye nyumba ni mstaarabu, alinipa muda. "Baba Rehema, nakuvumilia hadi mvua. Mvua zikianza, niachie chumba changu."

Tulikuwa na kiwanja pembeni ya mji. Kuta zimesimama, paa hakuna. Kwa hiyo ilikuwa ama mabati yapatikane kabla ya mvua, ama tulale nje na mtoto.

Na Rehema, binti yetu, ndio kwanza alikuwa ametoka arobaini.

Sasa pampasi. Huku zinauzwa mojamoja, pakiti inafunguliwa dukani kama sigara. Mtoto yule alikuwa akinyonya anajibu papo hapo. Nabeba abiria kutwa nzima, pesa inaishia makalioni kwa mtoto.

Mke wangu Zaituni ndiye aliyesema basi. Akachukua mashuka ya zamani na kanga zilizochakaa, akakata vipande vya mraba, akapinda kingo kwa mkono. Pini tuliagizia Mtwara kwa mama mmoja anayevuka mto na biashara zake. Majirani walimcheka, eti mji umekuwa wa kisasa yeye anarudi enzi za bibi zake. Hakuwajali.

Kwa anayetaka kujaribu: choo kisuuzwe kwanza peke yake, nepi zilowekwe, zifuliwe kwa sabuni ya mche, mara mojamoja zichemshwe. Anika juani, uanue kabla ya magharibi. Hilo la magharibi mama mkwe wangu hana mjadala nalo, nepi ya mtoto hailali nje.

Tatizo letu lilikuwa maji. Kisima cha mtaani kina chumvi. Sabuni haitoi povu, na nepi ikikauka inakuwa ngumu kama papa mkavu. Wiki ya kwanza tu Rehema alichubuka mapaja.

Ukombozi ukatoka kwa huyohuyo mama mkwe. Alikuwa na shamba upande wa Afungi, kunakojengwa mtambo wa gesi, na katikati ya shamba kulikuwa na kisima cha maji matamu alichochimba marehemu baba yake. Nikipata abiria wa Afungi, na walikuwa wengi kwa sababu kila mtu alifuata kazi huko, narudi na madumu mawili ya maji. Nauli ya abiria inalipa mafuta, maji yanakuja bure.

Mapaja ya mtoto yakapona. Iliyokuwa pesa ya pampasi ikawa ya mabati. Tukipata bati tunalilaza chini ya kitanda. Zaituni akifagia anayagonga kwa ufagio ayasikie, anacheka peke yake. Haba na haba, wakuu. Nilikuwa na furaha sana kipindi kile.

Halafu wakaja watu wa mradi wa gesi kuorodhesha mali za mashambani kwa ajili ya fidia, pamoja na mkalimani wao. Mimi nilikuwepo, nilimpeleka mama mkwe kwa pikipiki. Minazi ya nani? Yangu. Mikorosho? Yangu. Na kisima?

"Kisima si changu, wanangu," akasema. "Marehemu baba alikitoa sadaka, kila mwenye kiu achote. Maji ya sadaka hayana mwenyewe."

Kwetu pwani ndivyo ilivyo. Kisima kikishatolewa sadaka, thawabu zake zinamfuata aliyechimba huko kaburini. Ukisema ni chako ni kama unampokonya marehemu. Mkalimani akatafsiri kwa maneno mawili matatu, wale watu wakaitikia kwa kichwa, kisima hawakukiandika, wakahamia mkorosho unaofuata. Mimi moyoni nikasema mkwe wangu ni mtu wa dini kwelikweli.

Fidia ya miti ilikuja ikagawanywa ukoo mzima, kila mtu akapata ya sukari.

Kisha ukaja uzio, shamba likabaki ndani.

Nilikwenda na madumu yangu hadi getini. Mlinzi ni kijana wa kijiji cha Nhica, tunafahamiana kwa sura. "Sem crachá não entra, mano." Bila kitambulisho cha kazi huingii. Nikamwambia sitafuti kazi, nataka maji tu, kisima ni cha sadaka. Akaniangalia kwa huruma.

"Kaka, humu ndani hakuna kisima tena. Walishafukia. Ndipo yanapogeuzia malori."

Nikageuza pikipiki na madumu matupu.

Tukarudi kwenye maji ya chumvi. Zaituni alijaribu majivu, akajaribu ndimu, akasuuza mpaka vidole vikapasuka. Rehema akachubuka tena, safari hii hadi damu, usiku mzima analia. Maji matamu ya mikokoteni yanagombaniwa na wageni. Tukarudi kwenye pampasi za mojamoja, na pesa za kuzinunulia zikatoka chini ya kitanda. Tukauza bati moja, kisha jingine. Zaituni akawa akifagia hapeleki ufagio kule.

Mvua zimeanza. Mwenye nyumba hakuvunja neno lake na simlaumu. Ninaandika haya nikiwa kati ya kuta zangu, juu tumefunga turubai.

Juzi mama mkwe alikuja kumwona mjukuu. Akamfunua, akayaona mapaja. Nikamweleza kwamba kisima kimefukiwa, sikuweza kumficha tena. Akamfunika tena mtoto, kisha akaniuliza taratibu, "Ningesema ni changu, baba Rehema, baba angenisamehe?"

Nikatoka kwenda kukaza kamba za turubai.

Wakuu, nepi za kitambaa zinaokoa pesa, hilo sibishi. Ila tazama maji yako kabla hujakata shuka. Na wakija kuorodhesha mali kwenu, semeni kisima ni chenu, kiandikwe. Marehemu mtaongea nao kwenye dua.

Anayejua namna ya kufulia nepi kwa maji ya chumvi zikalainika aandike hapa chini. Zaituni kakaa pembeni yangu, anasubiri niwasomee majibu.