Arusi Niliyoiandika Kwenye Kompyuta ya Hoteli

Nianze mwenyewe kukiri, maana msipoisikia kwangu mtaisikia kwa watu wa Malindi, na wao wataitia chumvi: mimi Kadzo, miaka ile ya themanini, nikiwa na akili zangu timamu, nilijioza kwa mwanamume ambaye hakuwa na habari, nikaalika watu mia mbili, nikaagiza mbuzi, kisha nikachukua mkoba wangu nikaenda zangu Kilifi kutembea. Chekeni tu, mimi mwenyewe ilinichukua miaka kadhaa kabla sijaweza kucheka.

Wakati huo nilikuwa karani wa kompyuta katika hoteli moja ya ufukweni. Kompyuta yenyewe ilikuwa moja tu, imefungiwa chumbani na kiyoyozi chake (sisi wafanyakazi twatokwa jasho, yenyewe yapigwa baridi kama maiti), na kila siku ilikuwa ni kugombaniwa. Mapokezi wana kibodi na kioo chao wanataka kuandika wageni, jikoni nao wana vyao na mashine yao ya kuchapa wanataka kuagiza vyakula, na mmoja akiwa anatumia, mwingine hana budi kungoja huku anasonya. Ndipo meneja wetu, Bwana Mutiso, akajuana na mtu wa Nairobi aliyeitwa Injinia Wekesa, naye akamwambia kuna programu mpya, bado haijaanza kuuzwa, ambayo ukiitia kwenye kompyuta moja inaigawa ikawa kama kompyuta tatu, kila moja na kazi zake na siri zake, wala moja haijui habari za mwenziwe. Mapokezi watakuwa na yao, jikoni yao, na ya tatu itakuwa ya mazoezi. Kwa kuwa ilikuwa bado ya majaribio, tungekaa nayo wiki mbili tuione. Ikitupendeza, mwenye hoteli atatia sahihi, madaftari yote ya zamani yatatupwa stoo, na kazi itaanza kabla haijashuka ndege ya wageni wa Krismasi, watu mia na themanini kwa mpigo.

Kazi ya kuijaribu nikapewa mimi.

"Bi Kadzo," Injinia akaniambia siku aliyoiweka, "hiyo ya tatu ni uwanja wako. Andika lolote, haribu utakavyo. Cha humo hakitoki nje. Baina yake na zile nyingine kuna ukuta wa zege."

Siku za mwanzo niliandika kwa adabu: Mgeni wa Kwanza, Mgeni wa Pili, chumba namba tano, kitanda kimoja. Kila nilichokifanya nilikiandika kwenye daftari langu, saa na dakika, maana ndivyo nilivyofunzwa chuoni Mombasa na mwalimu mmoja mkali ajabu. Lakini ilipofika Alhamisi ya wiki ya pili nilikuwa nimechoka na Mgeni wa Arubaini na Sita, na ulikuwa umebaki kujaribiwa ukurasa wa sherehe. Mashine ikaniuliza, sherehe gani? Nikaandika, arusi. Bibi arusi nani? Na hapo, ndugu zangu, badala ya kubuni jina (majina yako tele duniani!), nikaandika langu.

Bwana arusi nani?

Sasa, hotelini kulikuwa na fundi umeme akiitwa Fumo, mrefu, mpole, maneno yake ya kuhesabika, na mimi (leo naweza kusema, nina wajukuu) nilikuwa nikimpenda kimoyomoyo, kiasi kwamba taa ya mezani kwangu ilikuwa ikiharibika mara mbili kwa wiki. Nikaandika Fumo. Vidole vikapata moto: wageni mia mbili, pilau ya mbuzi, samaki wa kupaka, mahamri, siku ya Jumamosi hii hii saa saba na nusu mchana, na penye nafasi ya maelezo zaidi nikaongeza, "Mama wa bibi arusi aletwe kutoka Marereni." Nikabonyeza hifadhi, nikacheka peke yangu kama mwehu, nikafuta, nikafunga. Ijumaa ilikuwa siku yangu ya mapumziko, nikaenda Kilifi kwa shoga yangu nikalala huko, nikarudi Jumamosi moja kwa moja hadi kazini.

Langoni nikakuta makuti mabichi yamesukwa yakapindwa kama tao, na maua yamechomekwa. Nikajua ni kwa ajili ya Bi Zuhura, mwenye hoteli, kwa kuwa saa sita angekuja na meneja na Injinia kutia sahihi. Askari wa langoni akanipigia saluti. "Hongera bibi arusi!" Nikadhani anatania gauni langu, nikamjibu asante. (Naam. Nilijibu asante.)

Harufu ya pilau ndiyo iliyonishtua. Nikazunguka nyuma ya jiko, nikamwona mpishi mkuu wetu, Mzee Shee, amesimama katikati ya masufuria manne makubwa, jasho lamtiririka.

"Shikamoo Mzee Shee."

"Marahaba mwanangu. Lakini umenikosea. Mimi hapa kazini ni baba yako, arusi yako ndiyo ya kuijua kwa karatasi?"

Akatoa karatasi mfukoni mwa shati. Nikayasoma maneno yangu yote, mpaka na Marereni. Nikajishikiza kwenye gunia la mchele.

"Mzee, hii si arusi! Ni majaribio!"

"Kila arusi ni majaribio, mwanangu," akanijibu, akaendelea kukoroga.

Nikamwomba azime moto, akasema mbuzi hachinjwi akarudishwa zizini. Nikamuuliza kwa nini hakuuliza mtu, akasema meneja alitoa amri kwamba linalochapwa na mashine ni agizo la hoteli, na meneja yuko Mombasa tangu Alhamisi, mimi niko Kilifi, Fumo naye ametumwa Mombasa kutafuta kipuri cha jenereta. Basi amuulize nani, masufuria? Kisha akatabasamu. "Na mama yako nimekwisha mwita. Ujumbe nimempa dereva wa lori la chumvi liendalo Marereni."

Hajamaliza, honi ikalia langoni. Lori la chumvi. Juu yake mama yangu, na shangazi zangu watatu, na kuku wawili wamefungwa miguu, na ngoma. Mama alishuka nyuma ya lori kwa nguvu ambazo sikujua anazo, chumvi imemganda kwenye leso, akanishika mabega.

"Mulungu wangu! Kadzo! Waolewa kama mtoto asiye na kwao? Na huyo mume ni wa wapi? Mbona hakuja kupiga hodi?"

"Mama, hakuna mume."

"Amekimbia?"

Shangazi waliposikia amekimbia wakaanza kulia, wale waliokuwa mbali wakadhani ni kilio cha furaha wakapiga vigelegele, wageni wa kizungu wakaacha kuogelea wakaja na taulo zao na kamera. Na katikati ya vurumai ile akaingia Fumo, kapakata kipuri chake kilichofungwa gazeti, vumbi la safari mpaka nyusi. Wasichana wa vyumbani wakammwagia marashi.

"Kwani nani aoa?" akauliza.

"Wewe!" wakamjibu kwa pamoja.

Akanitazama. Mimi nikatazama chini. Sijapata kuona saruji ikiwa na mengi ya kutazamwa kama siku ile.

Basi ndiyo dakika ile gari la Bi Zuhura lilipoingia, na meneja na Injinia ndani yake. Alikuwa mama mtu mzima wa mji wa kale, buibui lake safi, sauti yake haipandi. Akasimama, akasimuliwa kila kitu, na Bwana Mutiso uso ukazidi kumkunjamana. Injinia Wekesa ndiye aliyesema kwanza.

"Programu haina kosa, mama. Huyu dada ameandika upuuzi wake upande wa jikoni. Ni kosa la mtumiaji."

"Bi Kadzo," Bwana Mutiso akasema polepole, "kama ndivyo, leo ni siku yako ya mwisho hapa."

Mbele ya mama yangu. Mbele ya Fumo. Niwaambie ukweli, aibu ikipita kiasi hugeuka kitu kingine. Machozi yalinikauka palepale. Nikainyoosha ile karatasi ya Mzee Shee nikaisoma upya, na sasa nikaona ambalo sikuliona mwanzo: juu ya arusi yangu kulikuwa na agizo la nyanya, kabichi na vitunguu, agizo halali la jikoni, na saa yake imechapwa, saa tisa na dakika kumi. Nikatoa daftari langu mkobani. Alhamisi, ukurasa wa sherehe, nimehifadhi: saa tisa na dakika kumi.

"Bi Zuhura," nikasema, "nipe dakika chache kabla hujanifukuza."

Nikaketi kwenye mashine, ule uwanja wangu wa mazoezi, mlango wazi, watu wamejaa hadi ukumbini. Mzee Shee nikamtuma jikoni akaagize vitunguu, tubonyeze wakati mmoja kama ilivyokuwa Alhamisi, na shangazi yangu mwenye sauti kubwa akasimama katikati kupeleka hesabu. Moja, mbili, tatu! Tukabonyeza pamoja. Jikoni vikatoka vitunguu vitupu. Injinia akakunja mikono. Tukarudia, vitunguu. Nikamsikia mama akiomba kwa Kigiriama. Mara ya tatu shangazi alipiga kelele ya "tatu" ambayo nadhani ilisikika Gongoni, tukabonyeza, kimya, kisha mashine ya jikoni ikachapa, ikachapa, haikunyamaza. Mzee Shee akaja taratibu, miwani puani, akasoma kwa sauti ya khutba:

"Vitunguu, kilo kumi. Kadzo hakukosea. Ukuta una tundu."

Vigelegele vya pale, safari hii, vilikuwa vyangu kwa haki.

Injinia alijaribu mwenyewe mara nyingine tano, na mara mbili ikavuja. Akavua koti. Nampa heshima yake: aligeuka mbele ya watu wote akasema, "Dada, nimekukosea. Huko kwetu hakuna aliyeliona hili." Bi Zuhura akamtazama.

"Mwanangu, ningalitia sahihi, wale watu mia na themanini ningaliwalaza wapi? Ndani ya vitunguu?" Akanigeukia. "Na wewe, pilau imeiva. Italiwa."

Ikaliwa. Meza zikapangwa chini ya makuti, wageni wakala kwa mikono, mama yangu akala karibu na Bi Zuhura na kumsimulia maisha yangu yote tangu kunyonya, shangazi wakapiga ngoma, na Jumamosi ile ikawapendeza wageni hata ikafanywa desturi ya hoteli. Programu ilirudi Nairobi, ikaletwa tena miezi baadaye imezibwa, na Bwana Mutiso akatangaza kwamba hakuna mashine itakayoanza kazi pale mpaka Kadzo ashindwe kuiharibu. Nikapewa ofisi. Na kiti cha kuzunguka!

Fumo alinifuata jioni ile nikiwa naaga. Akasema taratibu, bila hasira, "Bi Kadzo, siku nyingine ukitaka kulijaribia jina la mtu, mwombe kwanza." Lilinichoma kuliko matusi. Mwaka uliofuata alioa Mtwapa, arusi ya kweli, nikaenda, nikala, nikampongeza mkewe.

Tangu hapo wageni wangu wa majaribio ni Bwana Kabati na Bi Ndoo, na jina la mtu aliye hai siliandiki hata kwa mzaha. Ama mapenzi, nilikula kiapo kuyasema kwa mdomo. Mume niliyempata baadaye nilimwendea mchana kweupe, nikamwambia mwenyewe, na akaniitikia kabla sijamaliza sentensi.