Punje za Mahindi Kwenye Kopo

Mwaka ule mvua ilitusahau. Tukala michembe asubuhi, michembe jioni, vile viazi vikavu vya kuchemsha na karanga za kuponda, mpaka ugali ukawa chakula cha mgeni. Huo ndio mwaka niliopata presha. Tarehe siijui.

Muuguzi wa zahanati, binti ambaye angeweza kuwa mjukuu wangu, alinipima mkono akaguna. Akanipa vidonge, akasema nisiviache, na mawazo niyapunguze. Nikamuuliza mawazo yanapunguzwaje, yana bomba la kufunga? Akacheka. Akaniambia niangalie tu: moyo unapodunda, nilikuwa nafanya nini.

Mwanangu wa pekee anachimba dhahabu Geita. Aliposikia, akaja kunichukua nikapumzike kwake Kalangalala, huko huko Geita mjini. Nyumba nzuri, geti la bati, uwanja wa sementi. Mkwe wangu ana adabu mpaka inaudhi. Nikishika ufagio ananipokonya, nikisogelea sufuria, "Mama, pumzika." Mchana watoto wako shule, wakubwa kazini, nabaki mimi na geti.

Siku moja nikatoka kusalimia. Kwetu Kishapu salamu haina haraka: umeamkaje, watoto, shamba, ng'ombe. Nikamshika mkono mama wa nyumba ya pili, nikaanza. Nilipofika kwenye ng'ombe akafungua mfuko wake, akanipa andazi. Alidhani naomba. Nililila, lakini sikutoka tena.

Basi nikakumbuka maneno ya muuguzi. Shule niliiacha darasa la tatu, kuandika kila siku siwezi, nikatafuta kopo la maziwa. Moyo ukidunda kwa sababu ya simu, natia punje ya choroko, maana mama wa mchimbaji simu ikilia anajua shimo limetitia. Ukidunda nimekaa tu, natia punje ya hindi. Nilijua choroko zitajaa. Baada ya wiki mbili nikamwaga kopo mbele ya mwanangu. Choroko zilikuwa chache. Mahindi yalijaa kiganja. Kumbe kilichokuwa kinanimaliza ni huko kupumzika.

Akasema nikirudi kijijini nitafia peke yangu. Nikamjibu, "Sikai bure. Mikono yangu haijafa."

Nikarudi. Simu tulikubaliana: anapiga jua likizama, akishatoka shimoni. Saa nyingine zote inalala ndani ya chungu, nisije nikaikodolea macho. Asubuhi nalima, mchana namenya viazi. Vidonge nameza. Muuguzi alinipima tena, safari hii hakuguna.

Ila nisiwadanganye. Zamani michembe tulikata wanawake sita, saba, tumekaa duara, matusi na vicheko mpaka jua linageuka. Wengine wamekufa, wengine wamefuata watoto migodini. Sasa duara ni mimi na kisu changu. Sufuria ninayopikia ni ya watu wanane, chakula changu kinashika kona moja tu. Mpita njia nikimpata, namsalimia mpaka ng'ombe wa baba yake. Upweke nao unadundisha moyo, polepole. Huo sikuutafutia punje.

Jana jua lilipozama simu ikalia. Nilidhani ni mwanangu, kumbe ni mjukuu wangu wa kwanza, yule anayeshika namba moja darasani, soko zima la kwetu Mhunze linajua, nimewaambia mwenyewe.

"Bibi, chumba chako nimekitandika," akasema. "Njoo ukae."

Nilikuwa nimekaa peke yangu, maganda ya viazi yamenizunguka, na uwanja mzima hakuna mtu wa kukohoa. Nikamwambia likizo aje yeye, jiwe lake la kukalia lipo, kisu kidogo nimekinoa.

"Nitakuja. Lakini wewe je, Bibi? Huji kweli?"

Sauti yake ilikuwa imeshalowa machozi. Yangu nikaikaza.

"Sikai bure. Mikono yangu haijafa."