Leo Choka, Kesho Cheka

Régine wa Fizi hakuwa mtu wa maneno mengi mpaka maneno haya yalipoingia Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi hapa Malawi. Nani aliyaleta sijui, mimi nilianza kuyasikia bombani: "Leo choka, kesho cheka." Wiki haijaisha, watu wanayasema wakisonga nsima, wanayasema hata msibani. Mimi Kibibi, jirani yake, niliyatilia shaka tangu siku ya kwanza. Anayemwambia mtu hoi achoke tena, huyo anatafuta nini?

Régine aliyapenda. Ni fundi wa kushona, na baada ya miaka tisa ya kushonea kambini alikuwa amepata baraza ya duka la Amayi Nachisale, Area 47, Lilongwe. Wateja wake wote walikuwa huko. Akayatarizi maneno yale kwenye kitambaa cha kochi, kwa uzi mwekundu, akampelekea Amayi kama shukrani.

Amayi alikisoma, akaingia ndani. Asubuhi yake Régine alikuta mashine yake imetolewa nje ya geti.

Alirudi moja kwa moja mlangoni pangu.

"Kibibi, njo weye uliniharibia kwa ule mama. Haukupendaka maneno yangu."

"Mi? Hata kule sifikake!"

Iliniuma sana. Nami nikaanza kumshuku: labda ameiba kitu huko, sasa anatafuta wa kumtupia lawama.

Gakiza, dereva wa kabaza, baiskeli ya abiria, anayejua Chichewa, lugha ya wenyeji, alitusikia tukigombana. Akauliza kitambaa kiliandikwa nini. Alipoambiwa, akashika kichwa.

"Mama Régine! Bao leo banaiita lero. Na choka kwao njo 'toka'. Ule mama amesoma: leo, toka! Mu nyumba yake!"

Kesho yake tulikwenda wote watatu. Amayi alisimama getini, mikono kiunoni, akauliza mgeni amepata wapi ujasiri wa kumfukuza kwake.

Gakiza akamweleza. Amayi akamkazia macho. Hakuamini hata neno moja.

Régine akaanza kulia. "Mwambie, mi balinifukuza Fizi, balinifukuza Uvira. Mi nitafukuza nani?"

Gakiza alitafsiri polepole. Amayi akainama, akashika upande mmoja wa mashine.

"Pepani," alisema, yaani samahani.

Régine akashika upande wa pili, wakaiingiza ndani. Pepani yangu mimi, kutoka kwa Régine, bado naingoja.