Njano ya Maboya ya Murangi

Soko huria lilipotuletea kompyuta Musoma, nilikuwa karani kwenye kaunta ya ofisi moja ya samaki. Mzee kutoka Murangi akaingia, akamkuta binti yake akiandika programu ya mizani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Rudi nyumbani. Kazi gani hii ya kukodolea kioo?"

"Zunguka huku uone."

Maandishi yalikuwa meupe, yakikatizwa na mistari ya njano.

"Rangi nimeweka mwenyewe. Ya njano ni maelezo yangu, nikirudi kesho nisipotee."

Mzee akavua kofia. Ziwani kila ukoo una rangi yake ya kupaka maboya ya nyavu, ili mtu asivute wavu wa mwenzake.

"Sisi tulikuwaga tunapaka njano hii hii," alisema taratibu, "mpaka nyavu zikaadimika madukani."

"Ndiyo hiyo hiyo, baba."

Akaufuata mstari mmoja kwa kidole mpaka mwisho, kama anayekagua wavu. Akavaa kofia.

"Basi tega, mwanangu."

Siku hizi binti yangu mimi naye anaandika programu, na rangi anabadilisha kila wiki. Nikimuuliza hiyo bluu ni ya ukoo gani, ananicheka.