Walimcheka Mama Mvua, Kisha Wakampigia Simu

Saa mbili asubuhi, miguu miwili yenye buti za mpira imetokeza chini ya sinki la jikoni. Spana inagonga, kisha sauti inatoka huko chini: "Dada, fungua koki taratibu."

Maji yanatoka. Sakafu ni kavu. Mwenye nyumba anashindwa kujizuia. "Samahani, ni wewe wa ile video?"

"Ndiye mimi," anajibu fundi bomba huyo, akijifuta mikono. "Mama Mvua mwenyewe."

Ana miaka arobaini na minne. Kazi hii alifundishwa na marehemu baba yake, na ameifanya miaka kumi na tisa.

Mwaka jana alikuwa akimtuliza mteja, "Hapa hakuna tatizo kubwa," bomba likapasuka na kummwagia maji usoni. Akamalizia sentensi yake maji yakimwingia mdomoni. Mpangaji wa chumba cha pili alikuwa akirekodi.

Sekunde tisa za video hiyo zilizagaa kwenye kila simu. Zikawa stika, naye akabatizwa Mama Mvua. Aliyefeli mtihani, aliyefumaniwa, aliyeunguza chakula, wote walituma uso ule uliolowa na maneno yale.

"Wiki ile wateja watatu walighairi," anasimulia. "Binti yangu akarudi kutoka shuleni analia. Hapo ndipo iliponiuma."

Hakujificha. Alimfuata mpangaji yule mlangoni. "Nikamwambia, mdogo wangu, umewaonyesha maji yalivyonishinda. Sasa waonyeshe nilivyoyashinda."

Mpangaji, kwa aibu, akaiweka video nzima. Ndani yake fundi anaziba bomba kwa kiganja, anaagiza maji yafungwe, anakata, anaunga. Dakika ya sita koki inafunguliwa na halidondoki hata tone. Anamgeukia mteja, bado amelowa chapachapa: "Si nilikwambia?"

Kufikia jioni, waliomcheka walikuwa wakiomba namba yake.

Zamani alipata kazi nne kwa wiki. Sasa hazipungui kumi na nane, na ameajiri wanawake wawili. Binti yake ndiye hupanga miadi kila Jumamosi. "Wenzangu wanataka mama awarekodie salamu," anasema. "Nawaambia wapange foleni."

Mwezi ujao Mama Mvua anafungua karakana ya kuwafundisha mabinti kumi ufundi bomba.

"Nitaweka mabomba yanayovuja makusudi," anasema, akibeba sanduku lake kuelekea nyumba inayofuata. "Waje walowe, wachekane, halafu wayazibe."